Ile Miezi 3, Baba

Leicester, Uingereza
29 Septemba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku tu wazima, twamshukuru Mungu. Leo simu za afisini hazikunyamaza, kwa kuwa 29 Septemba ni mojawapo ya siku 4 za mwaka ambazo maduka mengi ya Uingereza hulipa kodi ya pango ya robo mwaka kwa mkupuo, tena ya mbele.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni ipi, maana mtoto wa jirani ni wakili na kila siku yuko mahakamani. Mimi mahakamani siendi. Afisi yetu ina mawakili 3, iko juu ya duka la miwani, na kutwa nzima nasoma mikataba ya kupanga maduka na maghala, nikitafuta neno litakalokuja kumuumiza mteja wangu miaka 7 baadaye.

Wiki iliyopita aliingia mama mmoja muuza keki, si mteja wetu, unga ungali kwenye mkono wa sweta yake. Alitaka kula kiapo tu, na ada ya kiapo hapa ni pauni 5, jambo liwe dogo au kubwa. Sheria ya hapa ya mwaka 1954 humpa mpangaji wa duka haki ya kuomba mkataba mpya ule wa kwanza unapokwisha, na mwenye nyumba hawezi kumkatalia ila kwa sababu zilizotajwa humo. Lakini mpangaji aweza kuiachilia haki hiyo, mradi apewe kwanza onyo la maandishi, na akifunga mkataba kabla siku 14 hazijapita, sharti aape mbele ya wakili asiyehusika. Nilimuuliza kama amelisoma onyo. Akasema amelisoma, akaapa, akaacha noti mezani, akaenda zake. Kazi yangu pale ilikuwa kushuhudia kiapo, si kumshauri, na hadi leo jambo hilo lanikera.

Ndiyo maana ulipotaja mkataba ulioletewa hapo dukani Mombasa, usingizi ulinipaa. Wasema mwenye nyumba ni muungwana, amekuongezea miezi 3 juu ya miaka 5. Baba, miezi hiyo si bakshishi. Sura ya 301 ya sheria za Kenya humlinda mpangaji wa duka asiye na mkataba wa maandishi, kama wewe ulivyo sasa, au mwenye mkataba usiozidi miaka 5: hapandishiwi kodi wala hatolewi bila notisi rasmi ya angalau miezi 2, naye akiipinga hulipeleka shauri kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara. Mkataba ukivuka miaka 5, kwa kawaida kinga hiyo huondoka.

Usitie sahihi kwanza. Sisemi mkataba ni mbaya, kwani kodi iliyokwisha kuandikwa nayo ina faida zake. Mdogo wangu azipige picha kurasa zote anitumie. Mimi sina leseni ya uwakili ya Kenya, kwa hiyo tafuta wakili wa huko kabla hujamjibu mwenye nyumba. Ada nitalipa mimi. Na zile risiti za kodi zilizomo katika mkebe wa biskuti, zitoe uzipange mwaka kwa mwaka, maana wakili atazitaka.

Msalimie sana Mama.

Mwanao