Risala ya wazazi wa kliniki ya moyo ya watoto kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mheshimiwa diwani, mganga mfawidhi, mwalimu mkuu uliyetuazima uwanja, wazazi wenzetu, na ninyi watoto mlioketi mkekani: Tumsifu Yesu Kristo! Assalaam aleykum! Mwangaluka!

Karibu sana ng'ambo hii ya ziwa. Umevuka kwa daraja la Kigongo–Busisi, na sisi daraja hilo tunalishukuru kwa sababu zetu. Kabla halijafunguliwa mwaka 2025, mzazi mwenye mtoto anayehema kwa shida alikuwa anapangiwa kipimo cha moyo Mwanza, halafu anasubiri kivuko huku mtoto akilalia kifua chake.

Mheshimiwa, kliniki yetu ni chumba kimoja, kila Alhamisi, mabenchi mawili na daftari. Daftari la kwanza limejaa, tuko kwenye la pili. Wanaoandikwa humo ni watoto waliougua homa ya rumatiki, pamoja na wale ambao homa hiyo imekwisha kuwaharibu valvu, yaani vilango vya moyo vinavyopitisha damu. Chanzo chake ni mafindofindo, ugonjwa ambao hakuna mzazi anayeuogopa. Bakteria wa koo asipouawa kwa dawa, kuna watoto ambao miili yao, katika kupambana naye, hugeuka na kuvishambulia viungo na moyo wao wenyewe. Wiki mbili tatu baadaye goti linavimba. Likitulia, maumivu yamehamia kifundo cha mguu, kisha kiwiko. Maumivu yanayohama yana tafsiri zake huku kwetu, na pesa nyingi zimeishia huko. Wengine walikosea mapema zaidi, kwenye koo lenyewe: mtoto alipelekwa kukatwa kimeo. Kimeo kilikatwa, bakteria akabaki.

Kuna binti yetu mmoja ambaye mwandiko wake uliharibika ghafla. Mikono ikawa inajirusha, vikombe vinamponyoka, usoni anakunja kama anamkejeli mtu. Alichapwa shuleni, na nyumbani pia tulimchapa, tusijitoe katika hilo. Ilikuwa ni rumatiki, imegusa ubongo. Mwandiko umerudi, lakini moyo bado unafuatiliwa.

Dawa yetu kubwa ni sindano ya penisilini ya benzathini, kila baada ya wiki 4, wengine wiki 3. Inachomwa kwa miaka: wengi hadi wafikishe 21, na wenye valvu zilizoumia sana hadi 40. Inauma, mheshimiwa. Ni unga mweupe unaochanganywa na maji ukawa mzito. Ukisukumwa haraka unaziba sindano na mtoto anakuwa ameumizwa bure. Kwa hiyo sista hukizungusha kichupa viganjani mpaka kipate joto, akasukuma dawa polepole huku mtoto akihesabu. Wapo wanaofika mia.

Watu wakisikia moyo wanafikiria upasuaji. Tunao waliofanyiwa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, wakarudi na kovu kifuani na vidonge vya kila siku. Tunashukuru mno. Ila sisi tunaoshika daftari tunaona kwamba mtoto hupotea kati ya tarehe na tarehe. Masika iliyopita dawa ilikosekana kituoni kwa mwezi mzima. Wenye uwezo walinunua duka la dawa. Kijana mmoja aliyekuwa anacheza mpira kama wenzake alikosa, homa ikamrudia, na leo akipanda ngazi tatu anasimama kupumzika.

Ndiyo maana, mheshimiwa, utashangaa kwamba hatuombi mashine. Mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio kuhusu ugonjwa huu. Tunaomba azimio hilo lifike kwenye kabati la kituo chetu, yaani dawa ya akiba ya miezi mitatu isiyoguswa kwa matumizi mengine. Tunaomba pia walimu wasimhesabu mtoro mtoto aliyekuja sindano, na yeyote anayelalamika koo pamoja na homa aletwe kituoni. Nauli ya bodaboda kwa wanaotoka mbali tumeanza kuchangishana wenyewe. Mfuko ni mdogo, mwenyekiti atakuonyesha kopo lenyewe. Usicheke.

Mheshimiwa, leo ni Alhamisi. Wapo watoto hapa ambao tarehe yao imeangukia leo, na hatukuiahirisha kwa ajili ya sherehe. Wameahidiwa pilau baada ya sindano, na wameanza kunong'ona kwamba risala ni ndefu. Sista yuko tayari chumbani, nawe tunakuomba uingie naye, umshike mkono mmoja wao wakati anahesabu.

Tunaomba kuwasilisha.