Risala ya Kikundi cha Watafuta Vyura kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, walezi wetu, wazazi na wanakikundi wenzangu, habari za jioni na poleni na joto.

Kwanza kabisa tunashukuru umefika, maana tukisema tunatafuta vyura kwenye eneo kame watu wanacheka, wanauliza vyura gani wakati hata maji ya kunawa hamna. Kiukweli wapo, tena wapo hapo hapo mtu anapopita kila siku, sema wamejifukia chini na wanaisubiri mvua kuliko hata mkulima.

Mheshimiwa, kule Australia kuna chura anaitwa Cyclorana platycephala, huyu anabeba maji kwenye kibofu, anaingia ardhini, ngozi inambambuka tabaka kwa tabaka inamzunguka kama mfuko ili asikauke, na anaweza kukaa humo miaka. Wenyeji wa asili wa kule walikuwa wanamfukua wanamkamua maji wanakunywa. Halafu kwenye jangwa la Sonora, mpakani mwa Marekani na Mexico, kuna Scaphiopus couchii, yeye anaamshwa na mtikisiko wa radi na mvua, anatoka, wanazaliana usiku huo huo, na viluwiluwi wake wanaweza kuwa vyura kamili ndani ya siku 8 hivi kwa sababu dimbwi halina muda wa kuwasubiri. Kwa hiyo ukame si kwamba unawamaliza, unawapangia ratiba tu, na mtu asiyeijua hiyo ratiba atazunguka mwaka mzima arudi anasema hakuna kitu.

Ndo maana sisi tunatoka usiku wa mvua ya kwanza kubwa, sio kesho yake. Kiangazi tunaangalia penye unyevu tu, chini ya mawe, matundu ya miti, vichuguu, nyuma ya tenki linalovuja, na jiwe ukiliinua unalivuta kuelekea kwako ili nge au nyoka akiwepo akimbilie upande wa pili, halafu unalirudisha vile vile lilivyokuwa. Hilo la kurudisha tunagombana nalo sana na wageni yaani!

Kwenye dimbwi macho hayasaidii mwanzoni, masikio ndo kazi. Wanaolia ni madume, na wakisikia hatua wananyamaza wote kwa mpigo. Hapo wengi wanakata tamaa wanaondoka. Zima tochi, simama, usipige stori, baada ya dakika chache mmoja mwenye kiherehere ataanza, wengine watamfuata. Sasa kumpata alipo ni shughuli nyingine, maana sauti inadanganya, unaweza kuapa yuko mguuni kwako kumbe yuko ng'ambo. Tunasimama wawili mbali mbali kidogo, kila mmoja ananyoosha mkono kule anakoisikia sauti, mistari inapokutana ndo tunaenda. Tochi unaishika usawa wa macho yako, ukiishika kiunoni mng'ao wa macho ya chura haukurudii. Na ukiona vimeta vidogo vidogo vya kijani vimejaa kwenye nyasi usifurahi mapema, hao buibui.

Tukishampata sasa, huyu ni nani? Mheshimiwa, hapa ndo tunapotumia muda mwingi na ndo tunapobishana. Mtu mpya anaanza na rangi, anasema wa kahawia, wa kijani, na sisi tunamwambia rangi weka pembeni kwanza, maana aina moja inaweza kuwa na mstari mgongoni na mwenzake asiwe nao, na kuna vyura wa mitini wa jamii ya Chiromantis ambao usiku ni wa kijivu na kahawia, mchana wakikaa juani wanakuwa weupe kama chaki. Tunaanza na miguu. Mgeuze taratibu uangalie kisigino, ukikuta kinundu kigumu chenye makali kama sepeto ujue ni mchimbaji, anachimba kwa miguu ya nyuma na kuzama kinyumenyume. Ila Hemisus yeye anachimba kwa kutanguliza kichwa, na pua yake imechongoka ngumu, humkosei. Angalia utando kati ya vidole unafika wapi, ncha za vidole zina visahani au hazina. Ukikuta kucha nyeusi kwenye vidole vitatu vya mguu wa nyuma huyo ni Xenopus, chura wa majini kabisa. Halafu mboni ya jicho, imesimama au imelala, ngoma ya sikio inaonekana au imefichwa, nyuma ya jicho pana tezi nene au hamna. Rangi mwisho kabisa, ingawa sitaki kudanganya, Phrynomantis bifasciatus mweusi mwenye mistari myekundu hata mtoto anamtambua, tena hata harukaruki, anatembea, na ngozi yake ina sumu kwa hiyo huyo tunampiga picha tu.

Kwa wengine mikono iwe mitupu na imelowa maji safi, isiwe na losheni wala dawa ya mbu, kwa sababu chura anakunywa kwa ngozi na chochote ulichopaka anakinywa. Mkubwa wao Pyxicephalus adspersus, dume linafika zaidi ya sentimita 20 na linang'ata kwelikweli, hilo msilichezee. Tunampenda lakini, maana ni baba mlezi, dimbwi la watoto likianza kukauka anachimba mfereji kuwapeleka kwenye maji mengi.

Tunapiga picha ya juu, ya ubavuni, ya tumbo na ya unyayo, tunarekodi sauti na tunaandika joto la usiku ule kwa sababu kukiwa na joto wanalia haraka zaidi, halafu anarudi pale pale alipotoka. Buti tunazisugua na kuzikausha kabla ya kwenda dimbwi lingine, kuna kuvu anaitwa Batrachochytrium dendrobatidis, wanasayansi walimtambulisha rasmi 1999, ameshaangamiza vyura sehemu nyingi duniani na anasafiri kwenye matope.

Changamoto zetu ni za kawaida, tochi chache, betri zinaisha katikati ya usiku, wazazi wana wasiwasi na nyoka na wana haki, maana nyoka nao wanafuata vyura pale pale. Tunaomba utusaidie tochi za kichwani, buti ndefu na kinasa sauti kimoja kizuri.

Ombi kubwa lakini ni la madimbwi ya msimu. Yanaonekana kero, maji machafu ya wiki mbili tatu, mtu anamwaga kifusi anasawazisha. Tunaomba utusemee huko juu yasifukiwe, maana dimbwi likifukiwa kiangazi hakuna anayeona hasara, vyura wako chini wamelala, watatoka mvua ikija na hawatakuta pa kutagia.

Mwisho mheshimiwa, wingu unaliona, likishuka usiku sisi tutakuwa huko na wewe umealikwa, ila viatu hivyo uviache kwenye gari.

Naomba kuwasilisha.