Barua kwa mwanangu kutoka Reykjavík

Mwanangu Neema,

Nimefurahi kusikia mitihani imekwenda vizuri na kwamba nyanyako ameacha kukohoa. Uliniuliza tunafanya nini Jumamosi wakati hakuna darasa la jotoardhi, na kama Iceland kuna cha kutazama zaidi ya barafu. Kipo. Na kwa kuwa wewe mwenyewe umesema unataka kusoma jiolojia, sitakupa jibu fupi.

Reykjavík ni mji mkuu mdogo, wa kutembea kwa miguu. Ukipotea, inua macho utafute mnara wa Hallgrímskirkja, kanisa lenye urefu wa mita 74.5, lililoanza kujengwa 1945 na kukamilika 1986. Upande wake wa mbele una nguzo zinazopanda hatua kwa hatua hadi mnarani. Msanifu wake, Guðjón Samúelsson, alizitoa kwenye miamba ya nchi yake: lava nzito, yaani mwamba ulioyeyuka, ikipoa taratibu hupasuka ikawa nguzo zilizosimama bega kwa bega. Unazijua, umeziona kwenye majabali ya hifadhi ya Hell's Gate, karibu na Naivasha. Chini, kando ya bahari, kuna Harpa, ukumbi wa muziki uliofunguliwa 2011, ambao vioo vyake hubadilika rangi kila wingu linapopita.

Lakini kilichonigusa zaidi mjini ni maji. Nyumba karibu 9 kati ya 10 nchini humu hupashwa joto kwa maji yatokayo ardhini. Ukifungua bomba la moto bafuni, unakutana na harufu ileile ya visima vya mvuke vya Olkaria. Sehemu ya maji hayo hutoka kwenye mtambo wa jotoardhi wa Hellisheiði, yakasafiri mbali kwa bomba na kufika mjini yangali moto. Wenyeji huyaogelea pia, nje, hata theluji ikianguka. Kabla ya kuingia bwawani ni lazima kila mtu aoge kwa sabuni bila vazi lolote, wanawake kwa upande wao. Kwa mtu aliyelelewa kama mimi jambo hilo si jepesi, ila ukishakaa kwenye maji hayo na bibi wa miaka themanini anayekueleza habari za wajukuu wake, unaelewa kwa nini watu hawa wanayapenda mabwawa yao hivyo.

Sasa nikupeleke nje ya mji. Safari ambayo karibu kila mgeni hufanya kwa siku moja ni ya Þingvellir, Geysir na Gullfoss. (Herufi hiyo ya kwanza isome kama «th» ya thelathini.) Þingvellir ndipo nilipotaka uwe nami. Unashuka kwa miguu kwenye ufa wa Almannagjá, ukuta wa mwamba mweusi ukiwa kando yako, na uwanda mpana umetanda mbele hadi ziwani. Hapo mabamba mawili, yaani vipande vikubwa vya gamba la dunia, yanaachana: la Amerika Kaskazini liko upande wa magharibi, la Ulaya na Asia upande wa mashariki, na yanasogea kwa takriban sentimita 2 kwa mwaka. Nilisimama pale nikafikiria barabara ya kushuka Mai Mahiu, kwenye Bonde la Ufa. Bonde letu la Ufa nalo linafunguka, ila polepole zaidi, milimita chache tu kwa mwaka. Na kwenye ufa huo ndiko watu hawa walikoanzisha bunge lao, Alþingi, mwaka 930, wakikusanyika kila kiangazi kusikia sheria zikitamkwa kwa sauti mwambani. Jamhuri yao pia ilitangazwa hapo, 17 Juni 1944.

Chemchemi ya maji moto ya Geysir siku hizi imelala, ila jirani yake Strokkur hurusha maji ya moto angani kila baada ya dakika chache. Kaa nje ya kamba. Maji yale huunguza. Kule Gullfoss, nataka umjue Sigríður Tómasdóttir, binti wa shamba la jirani, aliyepigana miaka mingi mwanzoni mwa karne iliyopita ili maporomoko yale yasizuiwe kwa bwawa la umeme. Mimi nafanya kazi ya umeme, na bado naona alifanya vyema.

Rasi ya Reykjanes, ulipo uwanja wa ndege wa kimataifa, ni habari nyingine. Tarehe 10 Novemba 2023 matetemeko yaliongezeka hadi wakazi wote wa mji wa Grindavík, karibu watu 3,800, wakaamriwa kuondoka usiku huohuo. Januari 2024 lava iliingia mjini humo na kuteketeza nyumba tatu. Mwezi uliofuata ilikata bomba kuu la maji ya moto, na zaidi ya watu 20,000 wakakosa joto katikati ya baridi kali. Mafundi walilaza bomba jipya usiku na mchana. Nimeyaona maboma ya udongo na mawe waliyoyarundika kuukinga mtambo wa jotoardhi wa Svartsengi, na lava nyeusi imesimama ubavuni mwake. Pale nilikaa kimya muda mrefu, kwa sababu mabomba na visima ndiyo kazi yangu, na najua mtu anayehangaika juu ya bomba usiku wa baridi ana watoto nyumbani wanaomngoja.

Usidhani volkano za huku hazituhusu. Mwaka 2010, ulipokuwa bado unabebwa mgongoni, Eyjafjallajökull ililipuka, majivu yakafunga anga ya Ulaya, na ndege za mizigo hazikuruka. Maua ya Naivasha yalitupwa kwa tani. Shangazi yako alikuwa akifungasha waridi kwenye shamba moja, na alirudishwa nyumbani bila kazi. Muulize, atakusimulia vizuri kuliko mimi.

Nitarudi Novemba. Shule zitakuwa zimefungwa, kwa hiyo tutapanda Longonot pamoja hadi ukingoni, na siku ya pili tutaingia Hell's Gate kwa baiskeli. Viatu vyako vya michezo vimeshakuwa vidogo, nitumie namba ya mguu wako kabla ya mwisho wa mwezi. Msalimie nyanyako na shangazi.

Mama yako