Risala ya Wazazi wa Watoto Wenye Ulemavu, Likoni, kwa Mgeni Rasmi: Siku ya Tiba Kazi Duniani, 27 Oktoba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, chifu wetu, wazee wa mitaa, viongozi wa dini, walimu, wahudumu wa afya, wazazi wenzangu na wanetu wapenzi, itifaki imezingatiwa. Assalamu alaikum, na Bwana asifiwe.

Mheshimiwa, karibu sana Likoni. Tunajua shughuli zako ni nyingi, na kuja kwako mwenyewe bila kutuma mwakilishi ni heshima ambayo hatujaizoea.

Kikundi chetu kilianza na akina mama waliokutana kwenye foleni ya kliniki wakawa wanachangiana nauli. Leo, kwa uwezo wake Mola, kimesajiliwa, kina akaunti ya benki na mikeka yake ya mazoezi. Tumejifunza kuunda viti kwa karatasi kuukuu na gundi ya unga, tabaka juu ya tabaka hadi vikawa vigumu kama mbao, na watoto waliokuwa wakilala chali kutwa sasa wanakaa wakitazamana na wenzao. Tunathubutu kusema ni wazazi wachache Pwani nzima waliopiga hatua kama hii.

Naomba kwanza nieleze tiba kazi, maana tumeona kwamba tukiomba bila kueleza, tunapewa tusichoomba. Wengi, hata wanaokaa kwenye vikao vya bajeti, hudhani ni kukandwa tu. Sivyo. Mtaalamu wa tiba kazi huangalia mambo ambayo mtu anahitaji kuyafanya kila siku, kama kula, kuoga, kuvaa, kuandika, kucheza na kurudi kazini, kisha humtafutia njia ya kuyafanya. Yupo mtoto hapa mbele mwenye mtindio wa ubongo ambaye vidole vyake havikuweza kukamata kijiko. Mtaalamu alikata kipande cha ndara kuukuu, akakitoboa, akakivika kwenye mpini ili unenepe, akakipinda kijiko kidogo kuelekea mdomoni. Akamwonyesha mama namna ya kumkalisha, miguu ikanyage chini na kiwiko kiegemee meza. Mchana huu umemwona mwenyewe akila wali wake bila kulishwa. Mama yake sasa humwacha na bibi asubuhi, akaenda kuuza mahamri. Si watoto tu: fundi cherehani wetu aliyepigwa na kiharusi amerudi kushona.

Mheshimiwa, haja yetu ni moja. Tunaomba mtaalamu wa tiba kazi aliyeajiriwa na kaunti, wa kudumu, awekwe katika kituo cha afya upande huu wa kivuko.

Kwa sasa hatuna budi kuvuka hadi kliniki ya kisiwani Mombasa. Feri ni bure kwa mwenda kwa miguu, na kwa hilo tunashukuru, lakini tuktuk si bure wala matatu si bure, na kuushuka ule mteremko na mtoto wa miaka tisa mgongoni, umati ukisukumana, ni mtihani. Ukimaliza kuhudumiwa unaambiwa urudi mwezi ujao. Mtoto hafundishwi kushika kijiko mara moja kwa mwezi. Misuli hukaza, viungo hujikunja, na alichokipata kinapotea. Mama akikosa nauli mara mbili tatu, haonekani tena kliniki.

Ombi hili si geni. Tulilisoma kwa mgeni aliyekalia kiti hicho kabla yako, naye akasema mbele ya watoto hawa kwamba mwaka wa fedha hautakwisha kabla mtaalamu hajafika. Tulipiga vigelegele. Mwaka ulikwisha, na mwingine ukafuata. Tulipofuatilia afisini tuliambiwa mara faili limehamishwa, mara mhusika yuko semina. Kisha tukaletewa viti vya magurudumu, tukapigwa picha navyo. Tulishukuru na bado tunashukuru, lakini vingi ni vya watu wazima, na mtoto akikalia kiti kisichomtosha mgongo wake hupinda. Mtu wa kumpima mtoto na kumrekebishia kiti ndiye yule yule tuliyemwomba. Tumelelewa tukiambiwa ahadi ni deni, Mheshimiwa, na deni hili halijalipwa.

Huduma za afya ziko mikononi mwa kaunti tangu 2013, kwa hivyo jambo hili halingoji Nairobi. Wataalamu hawa wana sheria yao ya mwaka 2017 inayosimamia mafunzo, usajili na leseni zao. Lililobaki ni fungu katika bajeti, na makadirio yanatakiwa yafike bunge la kaunti kabla ya 30 Aprili kwisha. Tunaomba utusemee mapema, na atakayekuuliza tiba kazi ina faida gani, mweleze habari ya kijiko ulichokiona leo.

Chumba kipo. Kamati ya kituo imetuachia stoo ya nyuma, na wazazi wameisafisha na kuipaka rangi. Tutakupitisha hapo kabla hujaondoka. Barua ya ombi imeambatanishwa na risala hii, na ukurasa wake wa mwisho una nafasi ya jina lako, sahihi yako na tarehe utakayotujibu.

Ahsante sana.

Katibu, kwa niaba ya kamati ya wazazi