Nani wa kuitwa shujaa?

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Nimeipata barua yako pamoja na rasimu ya hotuba ya kumuaga muuguzi wenu anayestaafu. Umemwita shujaa karibu kila aya, na kwa kuwa umeniuliza, nakwambia wazi: neno hilo mwekee mahali pamoja tu.

Jasiri haogopi hatari, lakini hata mwizi anayeruka ukuta usiku wa manane ni jasiri. Bingwa amewashinda wenzake, gwiji amebobea katika kazi yake. Shujaa mimi humpima kwa swali jingine: hatari ile aliiingia kwa ajili ya nani?

Mei 26, 2018, jijini Paris, Mamoudou Gassama, kijana wa Mali mwenye miaka 22, alimwona mtoto akining'inia kwenye roshani ya ghorofa ya nne. Akaparamia jengo kwa mikono mitupu, roshani hadi roshani, akamvuta mtoto ndani. Mtoto hakuwa wake. Isitoshe, Gassama hakuwa na kibali cha kuishi Ufaransa, kwa hiyo hata macho ya umati yalikuwa hatari kwake. Huyo sina ubishi naye.

Anayenisumbua ni John Stephen Akhwari, mkimbiaji wa Tanzania. Katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico, mwaka 1968, bingwa alikuwa Mamo Wolde wa Ethiopia. Akhwari alianguka njiani, goti likaumia vibaya, naye akafika zaidi ya saa nzima baadaye, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, akichechemea na bandeji mguuni. Hakuokoa maisha ya mtu. Ila alieleza kwamba nchi yake ilimtuma kumaliza mbio, si kuzianza tu. Basi hata yeye maumivu yale aliyabeba kwa ajili ya wengine, na kila nikimfikiria naona shujaa ndilo jina lake.

Neno ninalokusihi usilichanganye na shujaa ni mhanga. Aliyefikwa na maafa hakuchagua. Tukikimbilia kumwita shujaa, tunaacha kuuliza nani alimfikisha pale, na haki yake inapotea katikati ya sifa. Kujitoa mhanga ni kitu kingine kabisa, maana hapo mtu amejitoa mwenyewe.

Sasa muuguzi wenu. Kuchoma sindano miaka yote hiyo, watoto wasilie, huo ni ugwiji, na ni sifa kubwa. Useme hivyo hivyo. Lakini ule usiku wa kipindupindu ulionisimulia, wenzake walipogoma kuingia wodini naye akabaki peke yake akibadilisha dripu hadi asubuhi, ndio ushujaa. Umeuandika kwa sentensi moja. Upe ukurasa mzima, na uwataje wagonjwa aliokuwa nao. Kisha nitumie tena kabla ya siku yenyewe.

Wako daima.