Barua kwa Baba Upendo: kabla hujanunua hicho kinasa sauti

Chang'ombe, Dodoma
Januari

Kwako Baba Upendo,

Habari za Iringa, habari za mama watoto, na hiyo baridi yenu inaendeleaje? Sisi huku hatujambo. Mvua inanyesha kwa kudokoa, mahindi ya majirani yamekunja majani, ila mtama umesimama, wenyewe umeshazoea shida za Ugogo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Yaani Upendo, mtoto wa darasa la sita, ndiye anayeamka kabla ya jogoo kwenda kusikiliza ndege, halafu wewe ndiye unayeniuliza ununue mashine gani! Nyie Wahehe tunawajua kwa ukali, hili la masikio ni jipya. Wala usiseme bado mdogo. Ludwig Koch, yule Mjerumani anayetajwa kuwa wa kwanza kunasa sauti ya ndege, alifanya hivyo mwaka 1889 akiwa na miaka minane, kwa mashine ya silinda za nta aliyopewa na baba yake. Ndege mwenyewe alikuwa wa tunduni. Upendo ana msitu mzima nyuma ya nyumba.

Sasa jibu: usinunue kitu kwanza. Nakwambia kama fundi redio ambaye ugali wake umetoka kwenye spika na vichwa vya kaseti. Mpe ile simu yako iliyopasuka kioo. Kuna programu za bure za kurekodi zinazohifadhi sauti kwa mfumo wa WAV, usioibana sauti; mtafutie moja, na kama ina sehemu ya kupunguza kelele, izimeni. Simu nyingi zimetengenezwa kumsikia mtu anayeongea, kwa hiyo mlio wa nyenje unaokwenda bila kukatika huhesabiwa kuwa uchafu na kufutwa. MP3 nayo aiache. Ule mfumo unapunguza ukubwa wa faili kwa kutupa sauti ambazo unadhani sikio la mtu halitazisikia, na mara nyingi hizo ndizo tunazozitafuta, kile kindege kinacholia kwa mbali nyuma ya kingine.

Pesa ya mashine itakuja baadaye. Ya sasa ipeleke kwa fundi cherehani. Adui wa kwanza wa kazi hii ni upepo, na huku kwetu kiangazi unavuma mchana kutwa; ukigonga maiki, unachopata ni ngurumo tu. Sponji nyeusi inayouzwa pamoja na maiki haitoshi nje. Kinachosaidia ni manyoya marefu ya bandia, kwa sababu yanavunja upepo kidogo kidogo kabla haujafika ndani. Mimi nilinunua mdoli wa mtumba mwenye manyoya pale sokoni Majengo, nikamchuna, fundi akashona mfuko. Wajukuu hawakufurahi.

Halafu saa. Aende alfajiri, si kwa sababu ndege wameamka tu. Saa hizo hewa iliyo karibu na ardhi huwa ya baridi kuliko ya juu yake, na sauti inayopanda hupindishwa kurudi chini badala ya kupotelea angani. Upepo nao unakuwa umelala. Mumbi wawili, wale ndege weusi wakubwa wenye sauti nene, wakiitikiana bondeni utawasikia kutoka kilomita kadhaa, ukadhani wako nyuma ya choo. Jua likishapanda, hata ukiwaona kwa macho, sauti inakuja imechakaa.

Nguo za nailoni asivae, zinachakarisha. Simu aiweke kwenye jiwe au panda ya mti, aondoke hatua kadhaa, akae. Mtoto kukaa kimya ni kazi, najua, ndiyo maana mwende wote. Na asiwachezee ndege sauti zao ili wasogee, hasa wakati wa kutaga. Dume anadhani kavamiwa, anaacha shughuli zake anatafuta mgomvi asiyekuwepo.

Haya yote anaweza kuyakosea na bado tukapata kitu. Lisilosameheka ni moja, nalo nitalirudia mpaka unichoke: baada ya kurekodi, kabla hajabonyeza kuzima, aseme kwa mdomo wake. Mahali gani, tarehe, mwezi na mwaka, saa ngapi, hali ya hewa, na ndege alikuwa wapi. Kama hamjui ndege, aseme hamjui na aeleze alivyo. Kwenye daftari haitoshi. Daftari hupotea, huliwa na mchwa, jina la faili hubadilika mtu akihamisha simu. Maneno yaliyo ndani ya sauti yenyewe hayaachani nayo.

Mwaka jana kijana mmoja aliniletea rekodi safi kuliko zangu zote. Zuwakulu wawili wanaimbishana, wale wenye madoadoa wanaosimama juu ya kichaka mkia umeinuliwa, mmoja anaanza na mwenzake anadakia katikati, wanatikisa mikia kama wako ngomani, wamefungana kiasi kwamba usipoangalia utaapa ni ndege mmoja. Hakuna upepo, hakuna gari. Nikamwuliza, wapi? Akasema labda Kondoa, labda Bahi. Lini? Akacheka. Nilimrudishia. Ni nzuri kuisikiliza, basi. Hata ule mtandao wa xeno-canto, ambako tangu 2005 watu wa dunia nzima wanaweka sauti za ndege na yeyote anasikiliza bure, ukipeleka kitu wanataka mahali, tarehe na saa.

Nikulinganishie na kaseti yangu ya upande wa Ihumwa. Ubora wake aibu, mkanda unachemka kama mafuta ya maandazi. Lakini mwishoni nasikika nikisema ni Ihumwa, mwezi wa kumi na mbili, mwaka 1994, kabla ya jua, mawingu. Kuna kanga wanakwaruza, kuna kirukanjia, yule ndege wa usiku, hajamaliza usiku wake, kuna vile vikasuku vya kijani vyenye kola ya njano vinatoka kwenye tundu la mbuyu vikipiga kelele. Asili yao ni Tanzania tu, ingawa dunia nzima wanavifuga. Gari halisikiki hata moja. Ukisimama upande huo leo, baada ya Serikali kuanza kuhamia 2016, mji wa Serikali kujengwa pale Mtumba, na treni ya SGR kuanza kuja mwaka 2024, utasikia malori, kokoto na honi. Sisemi ni vibaya. Mimi mwenyewe hupanda hiyo treni kwenda Dar na nainama kumshukuru aliyeileta. Ila mtu akitaka kujua palikuwaje, atauliza nini? Picha zipo chache, na picha hazina kanga wanaolia. Bila ile sentensi yangu ya mwisho, kaseti hiyo ingekuwa mkwaruzo tu.

Ukifika wakati wa kununua, usidanganywe na dishi la kukusanyia sauti kwenye maiki. Najua utaona lile bovu la king'amuzi juu ya bati lako na utapata wazo. Linafanya kazi, linakusanya sauti vizuri, lakini sauti nene zenye wimbi refu kuliko upana wa dishi hazikusanywi. Dishi la nusu mita litakupa chozi na shorewanda, wenye sauti nyembamba; mumbi na bundi mkubwa litawaacha vilevile. Kwa hiyo kwanza ajue anawapenda ndege gani.

Mwambie anitumie rekodi yake ya kwanza, mbaya isiwe tabu. Kwa WhatsApp aitume kama faili, ile sehemu ya kuambatisha nyaraka. Akiirekodi kama ujumbe wa sauti itabanwa mpaka ibaki sauti ya mtu anayeongea ndani ya pipa. Nitaanza kuisikiliza kuanzia mwisho. Nisipokuta tarehe nairudisha, hata kama ni mwanao.

Mama Neema anawasalimu. Zabibu za Makutupora zikiiva nitampa kondakta wa basi la Iringa boksi moja, uje stendi mwenyewe, usimtume mtu.

Ni mimi ndugu yako,
Baba Neema