Vijito vya Mufindi vipimwe kwa wadudu wake pia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu namna tunavyopima vijito vyetu huku Mufindi, vile vinavyoingia Ruaha Mdogo, vikapita Iringa mjini na hatimaye kufika bwawa la Mtera.

Wananchi wakilalamika kwamba maji yameharibika, mtaalamu huja na chupa. Huchota, hupeleka maabara, na baada ya muda jibu hurudi kwamba maji yako ndani ya viwango. Sina ugomvi na maabara. Ndiyo inayotuambia kama maji yana vimelea vya kinyesi, na hakuna mdudu wa mtoni awezaye kutuambia hilo. Lakini chupa hueleza maji ya saa ile yalipochotwa. Mkulima wa nyanya akisuuza bomba lake la dawa kijitoni Jumamosi jioni, kufikia Jumatatu sumu imeshateremka na maji, na chupa haitaiona. Wadudu wa pale chini ya mawe hawakuwa na pa kukimbilia. Wamekufa, na kutokuwepo kwao kutaonekana kwa wiki nyingi.

Ndiyo maana nasema tugeuze mawe. Mahali maji yanapokwenda kasi, kijito chenye afya kina mdudu bapa wa mikia miwili, ambaye hutaka maji baridi yenye hewa tele na hukaa majini miezi mingi kabla ya kuota mabawa. Yuko mwenzake, mara nyingi wa mikia mitatu, mwenye matamvua ya kupumulia ubavuni. Yuko yule anayejijengea ala ya chembe za mchanga na vijiti, akaishi humo. Wako tunutu wa kereng'ende na kaa. Kijito kikichafuka, wa mikia miwili huwa miongoni mwa wa kwanza kutoweka. Mwishoni hubaki minyoo, viluwiluwi vya mbu na mabuu mekundu membamba kwenye tope. Wekundu huo ni himoglobini, kama ya damu yetu, nayo huwasaidia kuishi penye hewa haba. Ukiwaona hao peke yao, wametamalaki, kijito kimeshakueleza hali yake.

Hii si elimu ya kubahatisha. Afrika Kusini wana mfumo uitwao SASS, ambao kila kundi la wadudu hupewa alama kati ya 1 na 15 kulingana na uvumilivu wake. Minyoo hupata 1. Jamii moja ya wale wa mikia miwili hupata 12. Alama zote hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa idadi ya makundi yaliyopatikana. Sisi wenyewe tuna wetu, TARISS, uliotengenezwa kwa ajili ya mito ya Tanzania na kuchapishwa katika jarida la kisayansi mwaka 2015. Vifaa vyake ni wavu wenye matundu madogo, sinia jeupe, mabuti na mtu aliyefundishwa kutambua makundi. Sharti moja lisisahauliwe: kijito kilinganishwe na kingine cha aina yake ambacho bado kimezungukwa na msitu wa asili, na kipimo kisifanywe mara baada ya mafuriko, kwa kuwa mafuriko nayo huwazoa wadudu.

Kwetu huku adui mkubwa naamini ni tope kuliko sumu. Vinyungu, yaani bustani za mabondeni, vikilimwa hadi ukingoni, mvua ya kwanza huingiza udongo kijitoni, ukajaza nafasi zilizo kati ya mawe. Nafasi hizo ndizo makazi ya wadudu niliowataja. Maji hayo yanaweza kufaulu vipimo vingi vya kemikali ilhali kijito hakina tena uhai wa maana. Miti ya mivengi iliyokuwa ikishika kingo na kutia kivuli imekatwa, na penye mivengi pamepandwa mikaratusi inayokunywa maji mchana kutwa. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinalinda mita 60 kutoka ukingoni. Tunabishana sana juu ya kamba ya kupimia mita hizo, na watu wa vinyungu wana hoja yao, kwa kuwa ndivyo vinavyowalisha kiangazi. Ubishi huo ungepungua kama tungekuwa na ushahidi wa kila kijito: hapa kilimo kimekiumiza, hapa bado kinastahimili.

Naiomba Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, ambayo makao yake yako hapa Iringa, izifundishe jumuiya za watumia maji kupima kwa njia hii, pamoja na walimu wa sayansi wa sekondari zilizo jirani na vijito. Matokeo yabandikwe kwenye mbao za matangazo za vijiji, kwa Kiswahili, yakionyesha alama za juu ya mashamba na za chini yake. Kipimo cha kwanza kifanyike Juni, maji yakiwa yametulia na vinyungu havijapamba moto, na cha pili Oktoba kabla ya mvua.

Mwalimu mstaafu,
Mafinga, Iringa